Chama Kimoja au Viwili?
Habari za Wakulima Weusi na Weupe wa Arkansas

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho msomaji atakuta habari za miaka 10 ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika: majina ya walioanza kazi, hesabu za mazao, na picha za maghala. Sisi tuliopewa nafasi hii ya historia tumeona yafaa kumchukua mwanachama mbali kidogo na nyumbani, mpaka kusini mwa Marekani, kwenye mashamba ya pamba. Huko, mwaka 1934, wakulima 18 walikutana usiku mmoja katika nyumba ya shule, wakaulizana swali hili: Je, tuwe na chama kimoja au viwili?

Swali hilo lilikuwa zito. Kati yao 11 walikuwa weupe na 7 weusi, na katika jimbo lao sheria na desturi ziliwakataza watu wa rangi mbili kusoma shule moja au kuketi pamoja katika gari la moshi. Historia ya kudai haki za raia nchini Marekani husimuliwa mara nyingi kwa hotuba za viongozi wakuu na maandamano ya mijini. Sisi twaona kwamba sehemu yake moja iliyo muhimu ilianzia shambani, kwa watu waliokuwa na shida ya mizani na daftari, na kwa hiyo mwanachama wa ushirika ana haki ya kuijua.

NUSU KWA NUSU

Utumwa ulipokomeshwa Marekani mwaka 1865, watu weusi wapatao milioni 4 walipata uhuru bila kupata ardhi. Wenye mashamba makubwa nao walibaki na ardhi bila watu wa kuilima. Ndipo ulipozaliwa utaratibu wa kulima nusu kwa nusu. Mwenye shamba alitoa ardhi, kibanda, nyumbu na mbegu. Mkulima akatoa jasho lake, la mkewe na la watoto wake. Wakati wa mavuno pamba iligawanywa, na katika fungu la mkulima likakatwa deni la unga, nyama ya chumvi na nguo alizokopa mwaka mzima katika duka la mwenye shamba, pamoja na riba. Mizani ilikuwa ya mwenye shamba, na daftari pia lilikuwa lake. Mkulima aliyeuliza hesabu aliambiwa kwamba bado anadaiwa, na aliyezidi kuuliza alifukuzwa.

Miaka ilivyopita, Wazungu maskini nao waliingia katika mtego huo huo. Bei ya pamba iliposhuka walipoteza mashamba yao, wakawa wapangaji. Kufika mwaka 1930 wapangaji Wazungu katika majimbo ya kusini walikuwa wengi kuliko wapangaji weusi. Katika Arkansas mtu alitakiwa kulipa kodi kabla ya kupiga kura, na asiyekuwa na fedha hiyo hakupiga kura, awe mweusi au mweupe.

Hata hivyo mizigo yao haikuwa sawa. Mtu mweusi aliweza kunyongwa na kundi la watu hadharani, na wauaji wasishtakiwe. Mzungu maskini hakuwa na hofu hiyo. Zaidi ya hayo, tangu utotoni aliambiwa kwamba yeye, hata akilala njaa, ni bora kuliko jirani yake mweusi. Maneno hayo hayakuweka chakula chunguni, lakini yalitosha kuwafanya watu wenye shida moja wasipatane. Wahenga wetu walisema: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

MAJARIBIO YA KWANZA

Kabla ya mwaka 1934 wakulima walikuwa wamekwisha kujaribu kutembea katika njia mbili, na kila mara walipata hasara.

Mwaka 1886, katika jimbo la Texas, wakulima weusi waliunda muungano wao, kwa kuwa muungano wa wakulima Wazungu haukuwapokea. Walifungua maduka ya kununua na kuuza kwa pamoja. Mwaka 1891 baadhi yao waliitisha mgomo wa wachumaji wa pamba, wakidai dola 1 kwa kila ratili 100. Viongozi wa muungano wa Wazungu waliupinga, kwa maana wanachama wao wengi waliajiri wachumaji. Katika wilaya ya Lee, jimbo la Arkansas, mgomo huo ulizimwa kwa damu, na baada ya muda mfupi muungano wa weusi ukafa. Bei ya pamba ikaendelea kuanguka katika miaka ile, na wakulima Wazungu wengi waliodhani wameokoa senti chache wakajikuta wapangaji wenyewe.

Mwaka 1919, karibu na mji mdogo wa Elaine katika Arkansas, wakulima weusi waliunda chama wapate hesabu ya kweli ya pamba yao. Walimwendea Ulysses Bratton, mwanasheria Mzungu wa Little Rock, ili awatetee. Usiku wa tarehe 30 Septemba walikuwa kanisani wakifanya mkutano, risasi zikapigwa, na Mzungu mmoja akafa. Siku zilizofuata makundi ya Wazungu wenye silaha, na baadaye askari wa serikali, waliingia katika wilaya ile. Wazungu waliokufa walikuwa 5. Weusi waliouawa wakadiriwa kuwa makumi mengi, na wanahistoria wengine husema mamia. Mtoto wa Bratton alitiwa gerezani. Watu weusi 12 walihukumiwa kifo katika kesi ambazo baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, lilizikata kwa dakika chache tu.

Katika msiba huo ushirikiano ulionekana mahakamani. Chama cha Taifa cha Kuwaendeleza Watu Weusi, kilichoundwa mwaka 1909 na watu wa rangi zote mbili, kiliwapa kazi ya utetezi wanasheria wawili: Scipio Africanus Jones, mtu mweusi aliyezaliwa wakati wa utumwa, na George W. Murphy, Mzungu mzee aliyekuwa amepigana upande wa majimbo yaliyotetea utumwa. Murphy alifariki mwaka 1920 kabla ya kazi kwisha, na Jones akaendelea. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kesi iliyoendeshwa chini ya vitisho vya umati wa watu si kesi ya haki. Kufika mwanzo wa mwaka 1925 wote 12 walikuwa wameokoka na hukumu ya kifo. Hukumu hiyo ikawa ngao ya watuhumiwa wa kila rangi katika nchi nzima.

USIKU WA TYRONZA

Kisha ikaja miaka ya dhiki kuu iliyoanza mwaka 1929. Pamba ikauzwa kwa bei isiyolipa hata gharama. Mwaka 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ilitunga sheria ya kupunguza mazao ili bei ipande: mkulima atakayefukia sehemu ya pamba yake kwa plau atalipwa fidia. Zaidi ya ekari milioni 10 za pamba zilifukiwa. Masharti ya serikali yalisema kwamba mpangaji apewe fungu lake katika fedha hizo, na kwamba asiondolewe shambani. Lakini hundi ziliandikwa kwa jina la mwenye shamba, na kamati za kusimamia sheria hiyo wilayani zilikuwa za wenye mashamba wenyewe. Wengi wao walichukua fedha zote; na kwa kuwa ekari zimepungua, wakazifukuza familia walizoona hazina kazi. Hivyo sheria iliyokusudiwa kuwaokoa wakulima ikawatupa maelfu yao barabarani.

Katika mji mdogo wa Tyronza walikuwako majirani wawili, Wazungu wote wawili: H. L. Mitchell, mwenye duka la udobi, na Clay East, mwenye kituo cha petroli. Waliona mambo haya kila siku. Mmoja wa wenye mashamba wa mahali pale alipozifukuza familia kadhaa, wakulima 18 waliitana mwezi wa Julai 1934, na Mitchell na East wakafika kuwasaidia. Hapo ndipo swali tulilolitaja lilipotolewa.

Mzee mmoja mweusi, jina lake Isaac Shaw, alisimama akasema. Yeye alikuwa mwanachama wa chama kilichoangamizwa Elaine miaka 15 iliyopita. Aliwaeleza wenzake kwamba weusi peke yao walikwisha kujaribu wakauawa, na kwamba chama cha weupe peke yao kitavunjwa vile vile, kwa sababu wenye mashamba watawatumia weusi kukipinga. Wote wanakula katika chungu kimoja cha shida, basi na wawe katika chama kimoja. Hoja yake ilikubaliwa. Hivyo kilianza Chama cha Wakulima Wapangaji wa Kusini. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Mzungu, na baadaye Mchungaji E. B. McKinney, mtu mweusi, akawa makamu wa rais wa chama.

Hatuoni kwamba wale Wazungu 11 walibadilika moyo katika usiku mmoja. Baadhi yao walilelewa katika nyumba zilizowachukia watu weusi. Walichokiona ni hesabu, nayo ilikuwa wazi: mwenye shamba aliyeweza kumtoa mweupe na kumtia mweusi mahali pake, kisha kumtoa mweusi na kumtia mweupe, hana haja ya kumsikiliza yeyote.

KUPIMWA

Kipimo hakikuchelewa. Katika siku za mwanzo Mchungaji C. H. Smith, mtu mweusi aliyekuwa akiandikisha wanachama, alikamatwa, akapigwa, akatiwa gerezani. Watu wengi walingojea kuona kama wanachama weupe watakaa kimya. Hawakukaa. Waliajiri mwanasheria, C. T. Carpenter, Mzungu wa mji wa Marked Tree, na siku ya kesi wakulima Wazungu waliingia mahakamani kwa wingi wakaketi mbele ya hakimu. Smith akaachiliwa. Habari hiyo ilienea vibandani upesi kuliko tangazo lolote, na watu weusi wakaanza kuamini kwamba kadi ya chama ina maana.

Mwaka 1935 makundi ya usiku yalianza kazi. Nyumba ya McKinney ilimiminiwa risasi, na ya Carpenter ikapigwa risasi pia. Ofisi ya chama ikahamishiwa Memphis, katika jimbo la Tennessee. Huko Washington nako, mwezi wa Februari, wanasheria wa Wizara ya Kilimo waliosisitiza kwamba wapangaji wasifukuzwe waliondolewa kazini. Pamoja na hayo, katika majira ya kuchuma, chama kiliitisha mgomo. Wenye mashamba walikuwa wakitoa senti 40 mpaka 60 kwa ratili 100. Wanachama wakadai dola 1. Mahali pengi walipata senti 75. Haikuwa yote waliyoiomba, lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wao kuona bei ikibadilishwa kwa neno la mkulima. Miaka miwili baadaye chama kilihesabu wanachama wapatao 30,000 katika majimbo kadhaa, na zaidi ya nusu yao walikuwa weusi.

Katika mgomo wa mwaka 1936, Paul Peacher, askari mkuu wa mji wa Earle, aliwakamata watu weusi, wakahukumiwa kwa kosa la uzururaji, kisha akawafanyisha kazi katika shamba lake mwenyewe. Chama kilipeleka habari kwa serikali kuu. Mwezi wa Novemba 1936 Peacher alihukumiwa na mahakama ya serikali kuu kwa kosa la kuwatia watu utumwani, chini ya sheria ya mwaka 1866, na waliomtia hatiani walikuwa Wazungu watupu. Kwa watu wa Arkansas jambo hilo lilikuwa kama mvua ya kiangazi.

Mwezi wa Juni mwaka huo huo Wazungu wawili waliokwenda Earle kuchunguza habari za mgomaji mweusi aliyesadikiwa kuuawa, Mchungaji Claude Williams na Bibi Willie Sue Blagden, walikamatwa njiani wakachapwa. Picha ya bibi yule aliyepigwa ilichapishwa katika magazeti ya nchi nzima, na serikali ikaanza kusumbuliwa na maswali. Yatupasa kusema wazi kwamba wanawake weusi walikuwa wamepigwa miaka mingi, wala magazeti hayo hayakuwatolea picha. Wanachama weusi waliliona hilo, wakaliweka moyoni.

SHAMBA LA USHIRIKA

Kwa wasomaji wetu sehemu iliyo karibu zaidi ni hii. Mwaka 1936 mmisionari wa zamani aitwaye Sherwood Eddy pamoja na rafiki zake walinunua zaidi ya ekari 2,000 huko Hillhouse, katika jimbo la Mississippi, ili kuwapa makao wakulima waliofukuzwa Arkansas. Palianzishwa shamba la ushirika, lenye duka la ushirika, kiwanda cha kupasua mbao na zahanati. Kazi ililipwa kwa kipimo kimoja, bila kutazama rangi. Shamba liliongozwa na baraza la watu 5 waliochaguliwa na wanachama, na kanuni ilisema wasizidi 3 wa rangi moja. Mwaka 1938 lilinunuliwa shamba la pili, Providence, katika wilaya ya Holmes.

Hawakuweza kufanya yote. Nyumba za weusi zilijengwa upande mmoja wa barabara na za weupe upande wa pili, kwa kuhofia majirani. Udongo ulikuwa mbaya, mafuriko yalikuja, na pamba haikulipa. Hillhouse iliuzwa mwaka 1942. Providence iliendelea, na zahanati ya Daktari David Minter pamoja na chama cha kuweka na kukopa viliwafaa watu weusi wengi wa mahali pale. Lakini mwaka 1955, Mississippi ilipochafuka kwa hasira juu ya hukumu ya kuunganisha shule, mamia ya Wazungu walikutana katika mji wa Tchula wakataka Minter na mwenzake Eugene Cox wahame. Mwaka 1956 walihama, na shamba likafungwa. Shamba hilo lilikuwa limeishi miaka 18.

UFA

Chama cha Wapangaji nacho kilipata ufa, na historia ya kweli haifichi ufa. Wengi wa wanachama walikuwa weusi, lakini rais na katibu, wenye kushika fedha na barua, walikuwa weupe. Matawi mengi yalikaa kwa rangi, weusi kwao na weupe kwao. McKinney alilalamika kwamba weusi wanalipa ada na kupigwa risasi, lakini hawapati sauti iliyo sawa na hesabu yao. Ugomvi huo ulichanganyika na ugomvi wa siasa na wa kuungana na vyama vingine vya wafanyakazi, na mwaka 1938 McKinney alifukuzwa chamani. Wanachama weusi wengi waliondoka. Chama hakikupata tena nguvu zake za kwanza.

Moto haukuzimika papo hapo. Mwezi wa Januari 1939, katika jimbo la Missouri, Mchungaji Owen Whitfield, mtu mweusi, aliwaongoza wapangaji zaidi ya 1,000, wengi weusi na baadhi weupe, wakapiga kambi kando ya barabara kuu katika baridi kali, ili nchi iwaone. Mwenye shamba mmoja Mzungu, Thad Snow, aliwatetea hadharani, majirani zake wakamwita msaliti. Mwaka uliofuata serikali ilianza kuwajengea nyumba. Baada ya vita vya pili vya dunia mashine za kuchuma pamba zilienea, na wapangaji wakahamia mijini.

URITHI WAKE

Mbegu hiyo ilibaki katika ardhi ya Mississippi. Katika mji wa Ruleville alikuwako Bibi Fannie Lou Hamer, mpangaji na mwandishi wa hesabu za shambani, ambaye inasimuliwa kwamba alileta jiwe lake mwenyewe la mizani ili wachumaji wasipunjwe. Mwaka 1962 alifukuzwa shambani kwa sababu alijaribu kujiandikisha kupiga kura. Mwaka 1964 mamia ya wanafunzi wa kaskazini, wengi wao Wazungu, walikwenda Mississippi kusaidia kazi hiyo ya kuandikisha. Tarehe 21 Juni vijana watatu waliuawa pamoja: James Chaney, mweusi, na Andrew Goodman na Michael Schwerner, weupe. Mwaka 1965 sheria ya haki ya kupiga kura ikatiwa sahihi. Bibi Hamer aliyajua mambo ya shamba, akajua kwamba kura bila chakula hudumu siku chache. Basi mwaka 1969 akaanzisha shamba la ushirika. Na tangu mwaka 1967 vyama vya ushirika vya kusini vilikuwa vimekwisha kuunda shirikisho lao.

NENO KWA WANACHAMA

Ndugu wanachama na viongozi, twasoma nini katika habari hizi? Kwanza, wakulima wa Tyronza hawakungoja kupendana ndipo waungane. Waliungana kwa ajili ya mizani, na heshima ikaja katika kazi. Katika chama chetu wamo watu wa makabila na dini mbalimbali. Yatosha kwa kuanzia kwamba ratili ya mmoja iwe ratili ya wote.

Pili, kadi ya chama hupata thamani siku mwenzako anapokamatwa. Wazungu wale walioketi katika chumba cha mahakama walikijenga chama kuliko hotuba 100.

Tatu, na hili twaliweka mbele ya viongozi wetu hasa, umoja huanza kufa pale wanaolipa ada wanapokuwa kundi moja na wanaoshika daftari kundi jingine. Risasi za usiku hazikukivunja Chama cha Wapangaji. Malalamiko yaliyopuuzwa yalikivunja. Baraza la Hillhouse, lenye kanuni yake ya watu 3 kati ya 5, lilikuwa limeonyesha dawa mapema.

Mkutano Mkuu ujao utachagua Kamati. Twamwomba kila mjumbe, kabla ya kuinua mkono, ahesabu ni vijiji vingapi vinaleta mazao kwenye maghala yetu, kisha ahesabu ni vingapi vina mtu wao mezani.